Kupanda maua mu Musonoi: udongo wa shaba unaomba akili

Siku ya salongo, mu Musonoi na mu kartie zingine za Kolwezi, watu wanatoka na jembe, fagio na kupekupe. Wanafagia barabara, wanatosha takataka mu mifereji. Wengine wanaenda mbele kidogo: wanapanda maua mbele ya masomo, wanasimika muti wa kivuli pembeni ya kanisa, wanaonyesha watoto namna ya kumwangilia. Hakuna mutu mwenye kuwalipa juu ya ile.

Kazi hiyo ni ya muzuri. Lakini mu muji wenye uliota juu ya shaba na kobalti, kupanda haiko sawa na kupanda Kamina ao Kalemie. Hapa udongo wenyewe unaweza kuua muche, na mboga yenye inaonekana kijani kabisa inaweza kuleta mu sahani kitu chenye macho haione.

Musonoi ilikuwa cité ya wafanyakazi wa Union Minière. Mu 1967 serikali ilikamata kompani, kisha ikaitwa Gécamines, na wafanyakazi wakaendelea kuishi karibu na mugodi. Ndiyo sababu nyumba, masomo, mashimo na vilima vya mabaki ya mugodi viko jirani hivi. Mu wakati wa kiangazi upepo unabeba mavumbi kutoka kule mupaka ndani ya nyumba: mu kitanda, mu maji ya kunywa, mu mikono ya mutoto mwenye anacheza chini.

Mambo ya mavumbi si maneno ya barabarani tu. Mu 2018, wanasayansi wa Université ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti wenye walifanya hapa Kolwezi, mu kartie ya Kasulo, kule watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao tangu 2014. Walipima damu na mukojo wa wakaaji, na mavumbi ya ndani ya nyumba. Wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi kuliko watu wa kartie ingine yenye haikuchimbwa, na watoto ndio walipita wote. Mutoto anakaa karibu na udongo, anaingiza vidole mu kinywa, anameza mavumbi kila siku bila kujua.

Kwa hiyo mutu mwenye anapanda majani ya paspalum mbele ya nyumba hafanye urembo tu. Anafunika udongo. Mahali penye majani yamefunga vizuri, upepo haubebe kitu, na mvua haikokote matope mupaka mu mufereji. Kama kikundi cha wakujitolea kiko na nguvu kidogo na hakijue kianzie wapi, uwanja wa masomo wenye uko wazi, wenye watoto wanapigia mupira, unapita rond-point yenye viongozi wanapitia na motokari. Rond-point inapendeza macho, lakini hakuna mutoto mwenye anacheza pale.

Sasa, namna gani kupanda mu udongo wenye shaba? Mufano wa karibu uko Lubumbashi, mu kartie ya Penga Penga. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mu 1911, na moshi wake ulishukia kule miaka na miaka. Majani yakakufa, udongo ukabakia wazi, hata muhogo haukukubali. Wanasayansi wa kilimo wa Université ya Lubumbashi walijaribu majani ya aina mbalimbali, pamoja na chokaa na mbolea ya vitu vyenye vimeoza. Mu matokeo yenye walitoa mu 2010, majani madogo ya hapa kwetu, yenye wanasayansi wanaita Microchloa altera, yalishinda: yaliota hata pahali penye hawakuongeza kitu. Ingine ilihitaji chokaa ao mbolea.

Chokaa inasaidia kwa sababu shaba inatembea sana mu udongo wenye ukali, na chokaa inapunguza ule ukali. Shaba inabaki imejifunga mu udongo, mizizi haiinyonye mingi. Mbolea ya kuoza nayo inashika shaba. Wote wawili hawatoshe sumu mu udongo, wanaizuia tu kutembea. Shaba iko palepale. Mutu mwenye anauzisha dawa ya "kusafisha udongo" kwa wiki moja anadanganya watu.

Kwa muti, chimba shimo kubwa kuliko desturi, tosha ule udongo, jaza udongo mwema wenye umetoka mbali na mugodi, uchanganye na mbolea ya kuku ao ya majani yenye yameoza. Muti unapata nguvu ya kuanza mbele mizizi ifike kwa udongo mubaya. Miembe na avoka zinafaa kwa kivuli, na matunda kwa kawaida inabeba metali kidogo kuliko majani. Lakini matunda pia iko na mavumbi juu ya ngozi: yaosheni.

Mboga ndiyo mambo ya kuangalia sana. Lengalenga, matembele, sombe, shu ya Kichina: tunakula majani, na ni majani yenye inakusanya metali, kutoka chini kupitia mizizi na kutoka juu kupitia mavumbi. Kuosha kwa maji mingi kunatosha mavumbi, lakini hakutoshe kile chenye kimeingia ndani ya jani. Kama masomo inataka bustani ya mboga, heri kujenga vitanda vyenye vimeinuka, na mbao ao matofali pembeni, halafu kujaza udongo wenye umetoka mbali. Na kumwangilia na maji ya mto Musonoi, wenye unapita karibu na migodi, hapana. Maji ya mvua yenye imekingwa mu mapipa inafaa zaidi, ila mvua ya kwanza yenye inaosha mabati muimwage.

Kuna kosa lingine lenye linafanyika kwa nia nzuri. Watu wanapenda kuzungusha maua na mawe ya kijani yenye yametoka mugodini, kwa sababu inapendeza. Mugodi wa Musonoi unajulikana ulimwenguni kati ya wenye kukusanya mawe, kwa sababu mule mnapatikana madini ya rangi yenye shaba na uraniamu pamoja. Jiwe la namna ile haliko la kuweka pahali watoto wanakaa. Tofali ya kuchoma, ao chupa zenye zimepinduliwa, zinatosha.

Upande wa kufundisha, Lualaba iko na kitu chenye miji mingi haina. Kuna ua dogo la rangi ya zambarau, Haumaniastrum katangense, wengi wanaita ua la shaba. Linaota pahali udongo uko na shaba mingi yenye ingeua mimea mingine. Wajeolojia walilitumia kutafuta madini, na wachimbuaji wa mambo ya kale walifuata lile ua ili kupata pahali wazee wetu waliyeyusha shaba mbele ya Wazungu kufika. Mimea ingine makumi kadhaa inaota tu juu ya vilima vya shaba vya Katanga, hakuna kwingine duniani, na kila kilima chenye kinageuka shimo kinapunguza ile mimea. Mwalimu mwenye atapeleka kalasi kuona lile ua atafundisha biolojia, jeografia na historia asubuhi moja. Na watoto wataelewa haraka: pahali ua hilo limejiotea lenyewe, pale msipande lengalenga.

Serikali pia ilisema juu ya masomo na miti. Mwisho wa 2019 Rais Félix Tshisekedi alianzisha programu ya jardin scolaire ya miti miliardi moja mupaka 2023. Kuhesabu miti yenye ilipandwa siku ya picha ni mwepesi. Kule Kenya, Wangari Maathai, mwenye alianzisha Green Belt Movement mu 1977, alifanya ingine: wamama walipata pesa kidogo kwa kila muche wenye uliishi. Hapa kwetu muti unakufa kati ya mwezi wa sita na wa tisa, wakati mvua hakuna na robine ni kavu. Mbele ya kupanda miche makumi tano, muulizane: nani ataleta bido ya maji mu mwezi wa nane, wakati masomo imefunga? Kama jibu ni "tutaona", pandeni kumi. Na muti wenye umekomaa unahitaji mulinzi pia, kwa sababu makala iko na bei.

Kuko tena swali lenye watu wanaogopa kuuliza: tukipanda leo, kesho mugodi haitatuhamisha? Wakaaji wa Kasulo waliona nyumba zikibomolewa mu 2017. Mu Kongo, vyenye viko chini ya ardhi ni mali ya Serikali, lakini Code Minier inaomba kompani ilipe mutu mwenye anapoteza mimea yake. Pigeni picha za miti, muandike tarehe ya kupanda, na chefu wa kartie aweke sinyatiri. Pesa nazo ziko: tangu Code ilibadilishwa mu 2018, kwa kila redevance minière, 15 kwa mia ni ya muji, komini ao sekta kule kompani inachimba, na kompani inapaswa kutenga 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Kikundi chenye kinaenda kwa komini na barua, liste ya miche na plani ya bustani, kiko na haki ya kuuliza kama mapipa ya maji na udongo mwema vinaweza kulipwa mule.

Kwa mwaka huu, kitalu kianzishwe mwezi wa nane ao wa tisa, mu mifuko ya plastiki yenye imetobolewa chini. Mashimo ichimbwe na kujazwa mu mwezi wa kumi. Miche iingie ardhini wakati mvua imeshika kabisa, mu mwezi wa kumi na moja, ili ipate miezi mitano ya maji mbele ya kiangazi.