Kuongeza Nguvu ya Pampu ya Dizeli Nyumbani: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuanza

Mwenye lori anayesafirisha ndizi au kahawa katika vilima vya Bukoba na Muleba hutamani gari lake lipande bila kushusha gia kila mara. Ndiyo maana wengi hukubali ushauri wa kufungua skrubu ya dizeli kwenye pampu, au kununua pampu kubwa iliyotumika na kuifunga uani kwa spana za kawaida. Siku ya kwanza gari huonekana kweli limepata nguvu. Hasara huja baadaye, na aghalabu humkuta mwenye lori akiwa hana risiti wala shahidi.

Kazi ya pampu ni kupima dizeli na kuisukuma kwenye nozeli kwa shinikizo kubwa. Tairi la lori hujazwa upepo wa baa 7 au 8, lakini nozeli ya injini ya zamani hufunguka kwenye baa 200 hivi, na mfumo wa kompyuta wa malori mapya hupita baa 1,600. Ili dizeli isivuje katika shinikizo hilo, nafasi kati ya plunja na ala yake ni elfu chache tu za milimita, nyembamba mno kuliko unywele. Chembe ya vumbi la uani inatosha kuikwaruza.

Dizeli haiungui peke yake, huhitaji hewa. Mji wa Bukoba uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Ukipanda kuelekea Karagwe hupungua zaidi. Kwa hiyo anayeongeza dizeli bila kuongeza hewa huzidisha joto na moshi kuliko nguvu. Moshi mweusi ambao baadhi ya madereva hujivunia ni dizeli iliyolipiwa fedha ikatoka nje bila kuungua. Joto hilo nalo hubaki ndani ya injini. Pistoni nyingi ni za alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na pistoni ikitoboka gharama yake huzidi faida ya safari nyingi.

Skrubu inayoweka kikomo cha dizeli hufungwa kiwandani kwa waya na lakiri. Anayenunua pampu iliyotumika aitazame kwanza lakiri hiyo. Ikiwa imekatwa, pampu imekwisha kufunguliwa, na muuzaji anapaswa kueleza ni nani aliyeifungua na ilipimwa wapi.

Mara nyingi lori lililopungua nguvu halihitaji pampu nyingine kabisa. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji huingia kwenye pipa la dizeli lililoachwa nje likiwa limesimama, kupitia kizibo. Maji hayo huliza chuma cha pampu kutu. Mafuta ya taa nayo hayalainishi plunja kama dizeli. Uchanganyaji wake uliwahi kuenea nchini hata Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuupunguzia faida. Basi anza na yaliyo rahisi: mwaga maji yaliyo chini ya chujio, badilisha chujio la dizeli na la hewa, kagua mipira inayovuta hewa, kisha toa hewa kwenye mfumo kwa pampu ya mkono. Kazi hizo mtu mwangalifu aweza kuzifanya nyumbani, na si ajabu zikamaliza tatizo lote.

Kuishusha pampu ya zamani na kuirudisha kwa kufuata alama za gia kwaweza kufanywa na fundi mzoefu uani. Kuifungua ndani hakufai. Pampu hupimwa juu ya benchi maalumu, ambako dizeli ya kila silinda humwagika katika kioo chake na tofauti huonekana kwa macho. Mteja ana haki ya kuomba kuona kipimo hicho na kupewa karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Lori la mfumo wa kompyuta lisiguswe kabisa nyumbani.

Hatari mbili zinahusu uhai. Kamwe usitafute uvujaji kwa kidole injini ikiwa inawaka. Dizeli ya shinikizo hupenya ngozi na kuacha tundu dogo kama la sindano, pengine bila maumivu makali, kisha nyama ya ndani huanza kufa kwa muda wa saa chache. Aliyepata ajali hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata akidai kuwa ni mzima, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya pampu. Hatari ya pili ni gavana iliyofungwa vibaya: injini hupanda mizunguko yenyewe na kuzima swichi hakusaidii. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua bomba la kuvuta hewa na uweke karibu ubao bapa wa kuliziba. Usitumie mkono wala kitambaa.

Kuhusu ununuzi, dai risiti ya mashine inayotaja aina na namba ya pampu, pamoja na masharti ya dhamana kwa maandishi. Vipuri vilivyobadilishwa ni mali yako; viombe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia, zikiwamo plunja zilizotiwa katika maboksi yenye majina ya watu wengine. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani yakiambatana na risiti, karatasi ya vipimo, picha ya lakiri na boksi lenyewe. Usilitupe boksi hadi muda wa dhamana uishe.