Barabara ya kijijini kwako: inaharibikaje, na fedha za kuitengeneza zinatoka wapi?

Greda limepita Oktoba, barabara imechongwa, nauli ya bodaboda imeshuka. Masika yakiisha, barabara ile ile ina makorongo, na lori lililokuja kununua mahindi linaishia njia panda. Hapo mkulima hulipa mara mbili: anakodi pikipiki kusogeza magunia, na mnunuzi naye anapunguza bei. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku hupita makorongo hayo hayo.

Msikilizaji, tuangalie kwa nini hali hii hujirudia.

Nani anahusika na barabara ipi?

Tanzania Bara ina taasisi mbili. TANROADS husimamia barabara kuu na za mikoa, zaidi ya kilomita 36,000. TARURA, iliyoanza Julai 2017 chini ya TAMISEMI, husimamia barabara za wilaya, zile zinazotoka shambani na kijijini kwenda sokoni, shuleni na zahanati. Hizi ni zaidi ya kilomita 144,000. Sehemu kubwa ni udongo mtupu, na zenye lami ni chache sana.

Fedha zinatoka wapi?

Zinatoka mfukoni mwako. Ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli kuna tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Kwa miaka mingi asilimia 70 ya mgawo ilikwenda TANROADS, na asilimia 30 barabara za halmashauri. Sababu ilikuwepo: barabara kuu hubeba mabasi na malori mazito ya nchi nzima. Lakini mtandao wenye urefu wa karibu mara nne ulibaki na fungu dogo.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Dereva wa bodaboda anayeweka lita mbili kwa siku huchangia shilingi 200 kila siku. Bajeti ya TARURA ilipanda zaidi ya mara mbili, ila bado barabara ni nyingi kuliko fedha.

Kwa nini hazitoshi?

Adui wa barabara ya udongo ni maji. Barabara nzuri ina mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni, mitaro ya kuyapokea, na kalavati za kuyavusha. Mtaro mmoja ukiziba, maji hupanda barabarani, hufuata alama za matairi na kuchimba. Kazi ambayo ingemalizwa kwa jembe na koleo sasa inataka greda, kifusi na kalavati mpya. Mvua kubwa nazo humeza fedha. Mei 2024 barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Fedha zinazokimbilia dharura ni zile zile ambazo zingezuia uharibifu kwingine.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, toa taarifa mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Ukisubiri Juni umechelewa. Peleka hoja kwenye mkutano wa kijiji, iingie kwenye muhtasari, kisha diwani aifikishe halmashauri na kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Taja mahali hasa: kalavati ipi, mto upi. Piga picha kwa simu yako.

Pili, uliza. Kijiji kina haki ya kujua barabara ipi imepangiwa kazi mwaka huu, kwa kiasi gani, na mkandarasi ni nani.

Tatu, linda mtaro. Usilime hadi ukingoni mwa barabara, usitupe taka mtaroni, usipitishe ng'ombe kwenye kingo zake. Katika baadhi ya wilaya, TARURA huvipa vikundi vya kijamii kazi ya kuzibua mitaro na kufyeka kwa malipo. Uliza kama nafasi hiyo ipo kwenu.

Tozo umekwishalipa kwenye kituo cha mafuta. Kilichobaki ni kuifuatilia hadi ifike kwenye barabara yako, kabla mvua haijatangulia.