Jeraha la John Mugabi na Funzo Lake kwa Askari



Mchezo wa ngumi si mgeni katika makambi ya jeshi na vituo vya polisi hapa Kampala. Askari anaupenda kwa sababu unadai mambo yale yale anayodaiwa yeye kazini: nidhamu, uvumilivu na ujasiri. Lakini kuna jambo jingine ambalo mchezo huo hufundisha, nalo huzungumzwa kwa nadra: namna ya kupokea jeraha, na namna ya kurejea kazini baada yake. Katika mazungumzo ya leo tutalieleza jambo hilo kwa kufuata maisha ya bondia wetu John Mugabi.

Mugabi alizaliwa mwaka 1960. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alifika fainali ya uzani wa welta, akashindwa kwa pointi na Andrés Aldama wa Kuba. Medali yake ya fedha ndiyo pekee iliyokuja Uganda kutoka michezo hiyo. Ilifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo katika michezo ya Mexico mwaka 1968, na tangu hapo hakuna bondia mwingine wa Uganda aliyepata medali ya Olimpiki.

Mwishoni mwa mwaka ule ule aliingia ngumi za kulipwa, na huko akapewa jina la “Mnyama”. Sababu ya jina hilo ni dhahiri. Kwa zaidi ya miaka mitano hakuna mpinzani wake hata mmoja aliyesimama hadi kengele ya mwisho. Ndipo tarehe 10 Machi 1986, huko Las Vegas, alipopambana na Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzani wa kati. Walipigana vikali hadi raundi ya 11, na hapo Mugabi akaangushwa. Alishindwa kwa mara ya kwanza katika ngumi za kulipwa, lakini heshima yake haikupungua.

Balaa lilimpata miezi tisa baadaye. Tarehe 5 Desemba 1986 alipigana na Duane Thomas wa Marekani kuwania taji la Baraza la Ngumi la Dunia, uzani wa ratili 154, lililokuwa wazi. Katika raundi ya tatu aliumizwa jichoni. Ilisemekana kwamba kidole gumba cha glavu ndicho kilichomwingia. Hakuweza kuendelea, na pambano likasimamishwa. Mtu ambaye ngumi za Hagler zilihitaji raundi 11 kumshinda, sasa alitolewa ulingoni na jeraha la nukta moja.

Yafaa tueleze kwa nini jicho ni mahali pa hatari. Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa, na sehemu za mfupa huo ni nyembamba sana. Nyuma ya jicho kuna utando mwororo unaopokea mwanga. Pigo kali laweza kuuchana utando huo au kuubandua, na asiyetibiwa mapema aweza kupofuka. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 zilianza kutumika glavu ambazo gumba lake limeshonwa lisichomoze.

Bondia Sugar Ray Leonard alipata madhara ya utando huo mwaka 1982. Alipasuliwa, akapumzika, na mwaka 1987 akamshinda Hagler huyo huyo. Laiti angelificha tatizo lake kwa kuogopa kukosa pambano, huenda asingeuona ulingo tena, wala kitu kingine chochote.

Naye Mugabi hakukimbilia ulingo. Mwaka mzima wa 1987 hakupigana. Aliporejea mwaka 1988 alianza na mapambano madogo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Tarehe 8 Julai 1989, huko Ufaransa, alikabiliana na bingwa René Jacquot kwa taji lile lile alilolikosa mbele ya Thomas. Katika raundi ya kwanza Jacquot alianguka, akateguka kifundo cha mguu, akashindwa kuendelea. Mugabi akawa bingwa wa dunia. Jeraha lake mwenyewe lilimnyima taji, na jeraha la mwenzake likampa.

Hata hivyo, hatupaswi kusimulia habari hii kana kwamba kila jeraha lina mwisho mwema. Tarehe 31 Machi 1990 Terry Norris alimwangusha Mugabi katika raundi ya kwanza na kulichukua taji. Mwaka 1991, mjini London, Gerald McClellan naye alimmaliza katika raundi ya kwanza. McClellan huyo, kijana mwenye nguvu za kutisha, aliumia ubongo alipopigana na Nigel Benn mjini London mwaka 1995. Aliponea chupuchupu, lakini alipoteza uwezo wa kuona, na hakupigana tena. Mfupa waweza kuunga. Ubongo ulioharibika haurudi kama ulivyokuwa.

Ndugu askari, wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wapo miongoni mwetu wanaoumia mazoezini au kazini, wakanyamaza wasije wakaitwa waoga. Huo si ushujaa. Askari asiyeona vizuri jicho moja, au anayeumwa kichwa tangu alipopigwa, anahatarisha nafsi yake na wenzake walio ubavuni mwake. Na kamanda anayemdharau askari aliyeripoti jeraha, huyo anawafundisha wengine kuficha.

Mugabi alipewa jina la mnyama kwa sababu ya ngumi zake. Lakini taji la dunia alilipata baada ya kukubali kukaa nje, kupona, na kuanza upya kutoka chini.