Usanifu wa chuma cha kusubu

Usanifu wa chuma cha kusubu ni ujenzi unaotumia nguzo, kingo za baraza na hata kuta za mbele zilizotengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ulienea katika karne ya 19 kutoka Uingereza. Mtaa wa SoHo mjini New York, Marekani, unajulikana hasa kwa majengo ya namna hiyo.

Chuma hicho kina kaboni nyingi, takriban asilimia 2 hadi 4. Hubeba mzigo mkubwa kikikandamizwa kutoka juu, lakini kikivutwa au kupindwa hukatika ghafla, kama chaki. Kwa hiyo kilifaa zaidi kwa nguzo kuliko kwa mihimili.

Nchini Tanzania mfano maarufu ni Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Nguzo ndefu za chuma zilishikilia baraza pana za ghorofani, ila kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe. Wageni husifu nguzo, lakini jengo lilitegemea pia mawe na chokaa. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walifariki.

== Ujiji na Kigoma ==

Sehemu ya pembe za ndovu zilizoitajirisha Unguja ilipitia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Hata hivyo matajiri wa Ujiji walijenga kwa udongo na miti. Sababu kubwa ni usafiri: nguzo za Unguja zilishushwa kutoka melini karibu na mahali pa ujenzi, wakati mizigo ya Ujiji ilibebwa na wapagazi kwa safari ya miezi kadhaa kutoka pwani. Mpagazi alibeba takriban kilo 30. Nguzo moja ya chuma ina uzito mara nyingi zaidi, wala haigawanyiki kama jora la kitambaa.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati huo wajenzi walikuwa wameshahamia chuma cha pua, kisichokatika upesi. Mzigo mkubwa wa chuma uliofika kwa reli hiyo ulikuwa meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyoletwa vipandevipande katika masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Leo inaitwa MV Liemba.