Stika ya bima ni ya nani?

Zamani kioo cha mbele cha gari kilikuwa kama ubao wa matangazo: leseni ya barabara, stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, stika ya bima. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na makali yake yakahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Bima ikabaki, na siku hizi haihitaji hata gundi. Askari wa usalama barabarani pale Same anaingiza namba ya gari kwenye simu, na mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unamjibu kama bima iko hai au imekwisha. Wauza stika feki wamebanwa, na hilo ni jema. Lililosalia palepale ni lile wazo kwamba bima ni ushuru wa kupita kizuizini. Mwenye gari wa Jipe, Usangi au Hedaru anamkatia trafiki bima, anachukua ya bei ya chini kabisa, na ajali ikitokea wala hakumbuki kuwa aliwahi kununua kitu. Ada ya bima inalalamikiwa sana, lakini naona familia za Upare zinapoteza zaidi kwa kutojua bima waliyolipia ni ya nani.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya enzi ya mkoloni, inalazimisha kitu kimoja tu: aliyegongwa asibaki mikono mitupu kwa sababu aliyemgonga hana uwezo. Ndiyo hiyo tunayoiita bima ndogo, ambayo kwa gari dogo la binafsi kiwango chake kimezoeleka kuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Inamlinda mama anayevuka barabara Kisangara na kifurushi kichwani, na mwendesha baiskeli wa Makanya. Dereva mwenyewe hayumo. Wala sheria hailazimishi kuwakinga walioketi ndani ya gari la binafsi, kwa kuwa ulazima kwa abiria unaanza pale wanapobebwa kwa malipo. Mkataba unaweza kuwaongeza wa nyumbani kwa ada ya ziada, lakini ni lazima mtu aombe. Kwa hiyo baba anayempandisha mkewe na watoto kwenye IST kwenda Ugweno kwa Krismasi, akijisifu kwamba gari lina bima, amewakatia bima watu wote wa njiani isipokuwa wale anaowajua majina.

Hali inakuwa mbaya zaidi kwa michomoko, yale magari ya binafsi yanayobeba abiria kwa nauli. Noah inakatiwa bima ya gari la binafsi kwa sababu ni nafuu, kisha siku ya gulio inashusha watu na magunia kutoka milimani kwa nauli. Matumizi ya gari yameandikwa kwenye mkataba, na kampuni ikikuta abiria waliolipa nauli ndani ya gari la matembezi, ina sababu ya kugoma. Mwenye gari aliyeokoa tofauti ya ada ndogo kwa mwaka anajikuta uso kwa uso na deni la maisha ya mtu, na jaji hatamuuliza ana ng'ombe wangapi. Hapa siwatetei wenye kampuni. Ila anayedanganya matumizi hana sababu ya kushangaa bima inapomkana.

Basi familia yenye gari moja na fedha za kuhesabu ianzie wapi? Ushauri wa mawakala wengi ni bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, na hesabu yake si ngumu. Kiwango cha kawaida kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la shilingi milioni 15 litadai 525,000, na kodi ikiongezwa inafika 619,500. Kama gari ni la mkopo, au ndilo linalolisha nyumba, fedha hiyo ina maana. Kwa gari kuukuu linaloshuka kanisani na kupanda, mimi ningeigawa vingine. Kwanza bima ndogo yenye matumizi ya kweli na nyongeza ya abiria. Kisha kadi ya afya ya kaya: CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Mguu uliovunjika unatibiwa leo, na fidia ya mahakamani haijulikani itakuja lini. Kinachobaki kinunue matairi. Kwenye kona za kushuka Usangi au Mbaga, dereva anayetia gari free ili abane mafuta anaziachia breki kazi ya injini, zinapata moto, na pedali inazama mguuni bila kushika. Gia namba mbili haina ada. Hata bima kubwa hailipi tairi lililolika kwa uzee wake, na tairi kipara humpa mkaguzi wa bima swali la kwanza la kuuliza.

Watu wa milimani wana jibu lao, na halipaswi kudharauliwa. Upare ndiko kwenye msaragambo, kazi ya pamoja iliyochimba mifereji na kujenga shule, na juu yake kuna VICOBA na daftari la michango ya msiba ambalo halimsahau mtu. Kwa nini tulipe kampuni wakati tuna ndugu? Kwa msiba mmoja, kwa mwezi mmoja wa hospitali, daftari hilo linashinda kampuni yoyote kwa kasi na kwa utu. Udhaifu wake ni kwamba wachangiaji wote wanasafiri pamoja. Kwaya nzima inapanda lori moja, ukoo mzima unakodi Coaster moja. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi liligongana na Coaster, yakawaka moto, na watu wasiopungua 38 wakafa; taarifa ya serikali ilitaja tairi la basi lililopata pancha. Ajali ya namna hiyo ikikuta watu wa kitongoji kimoja, anayetakiwa kuchanga na anayetakiwa kuchangiwa wanakuwa kwenye orodha moja. Hapo ndipo mfuko unaochangiwa na magari ya Mtwara na Mwanza unapopata kazi ambayo ndugu hawaiwezi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kampuni hazilipi. Mara nyingine ni kweli zinachelewesha, na kwa mtu wa kata ya Jipe, ambaye kila safari ya kufuatilia inamtoa ziwani hadi Mwanga au Moshi, ucheleweshaji ni njia ya kukataa. Lakini sehemu ya tatizo iko kwenye neno "fidia". Wakazi wa Jipe wanaishi na tembo wanaopita kati ya Tsavo na Mkomazi, na wanalijua fungu la serikali liitwalo kifuta jasho kwa shamba lililoliwa na kifuta machozi kwa aliyeuawa. Huo ni mkono wa pole, si fidia. Hutolewa kwa kiwango kilichopangwa, na anayepewa anashukuru. Mazoea hayo yakihamia kwenye bima, mjane anapokea bahasha ya mwenye basi, anatia dole gumba kwenye karatasi asiyoisoma, na madai yanaishia hapo. Fidia ya bima inadaiwa. Inadaiwa kwa PF3 ya majeruhi, kwa ripoti ya polisi ya PF90, kwa namba ya gari iliyoandikwa siku hiyohiyo kabla mabaki hayajavutwa. Hukumu ikitoka dhidi ya mwenye gari, kampuni iliyomuuzia bima ndiyo inayopaswa kulipa. Kampuni ikizungusha, sheria ya bima ya mwaka 2009 iliunda ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima ili mteja asilazimike kuanzia kwa wakili. Ofisi hiyo iko mbali na Ziwa Jipe, na TIRA ingefanya kazi kubwa zaidi kwa kuisogeza wilayani kuliko kwa kuongeza semina mjini.

Wenye kuvuka kwenda Taveta kupitia Holili wana somo la ziada. Bima ya Tanzania inaishia mpakani, na anayeingia Kenya na gari lake anahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000. Ng'ambo ya Ziwa Jipe ni ndugu na soko lilelile, lakini kwa bima ni nchi ya kigeni.

Kamati ya harusi inayokutana Kifaru au Same Mjini ina mistari kwenye bajeti ya vyakula, mapambo, mshereheshaji na keki. Gari limeandikwa kwa neno moja, "usafiri", na bei pembeni. Kabla ya kutoa kianzio, mweka hazina anaweza kuomba namba ya Coaster, akaitazama kwenye mfumo uleule anaoutumia trafiki, akaangalia bima ni ya kubeba abiria na inaisha lini, kisha akahesabu viti na kulinganisha na orodha ya wanaosafiri. Ni kazi ya dakika tano, na simu anayo mkononi.