Unafunga begi la kuzamia? Tazama na tiketi

Unakwenda Mafia au Pemba kuzamia kwa mtungi wa hewa, wewe na mwanao? Pakieni miwani ya kuzamia inayofunika pua na dawa zenu za kila siku. Mwenye mafua asizamie; shinikizo la maji linaweza kupasua ngoma ya sikio.

Kisha tazama tiketi. Ukiwa chini ya maji, nitrojeni huingia kwenye damu na misuli. Ukipanda ndege mapema, hata ile ndogo ya kurudi Dar es Salaam, inaweza kugeuka mapovu mwilini. Baada ya kuzamia mara ya mwisho, subirini angalau saa 18.

Mkisikia maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu, wahini hospitali na mwambieni daktari kwamba mlizamia.