Mafuta ya Kakao: Yanasaidia Wapi, na Wapi Hayasaidii?

Huku kwetu Kitale na Bungoma, msimu wa kiangazi kati ya Desemba na Februari huja na upepo na vumbi. Ngozi ya mtoto hukauka, ikawa na mba miguuni na kupasuka midomoni. Ukienda dukani, unaonyeshwa mkebe wenye picha ya kakao na kuambiwa kwamba mafuta hayo yanatibu kila kitu. Je, ni kweli?

Mafuta ya kakao ni nini?

Ni mafuta yanayokamuliwa kutoka kwa mbegu za mti wa kakao. Mti huu hupenda joto na mvua. Majirani zetu wa Bundibugyo, Uganda, na wa Kyela, Tanzania, huulima. Mwaka wa 1828, kule Uholanzi, Van Houten alipata hati ya kumiliki mtambo wa kukamua mafuta hayo. Yaliyotoka yalikuwa mafuta ya rangi ya manjano hafifu, na makapi yake yakasagwa kuwa unga wa kakao tunaotia kwenye maziwa.

Mafuta haya yana tabia moja muhimu: huwa magumu mahali penye baridi, lakini huyeyuka yakikaribia joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti huyeyuka mdomoni. Na ndiyo maana wenye viwanda vya dawa wameyatumia kutengeneza dawa zinazoingizwa njia ya haja kubwa, kwa mfano kwa mtoto anayetapika kila anachomeza. Dawa ikiingia mwilini, mafuta huyeyuka na kuiachilia. Ukipewa dawa ya namna hiyo, iweke mahali pa baridi, mbali na jiko na jua. Usijaribu kuitengeneza nyumbani.

Yanasaidiaje ngozi?

Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo mpake mtoto mara tu baada ya kumwogesha, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Ukingoja akauke kabisa, umechelewa. Kwanza jaribu kidogo kwenye mkono wake na usubiri hadi kesho. Akitoka vipele au akijikuna, acha.

Tena, mama, usione haya kama pesa hazitoshi. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, hufanya kazi hiyo hiyo vizuri.

Usidanganywe na maandishi makubwa

Geuza mkebe usome orodha ya vilivyomo. Kinachotangulia kwa kawaida ndicho kingi zaidi. Mafuta ya kakao huandikwa Theobroma cacao. Ukiona jina hilo mwishoni kabisa, jua umenunua maji na manukato, na kakao kidogo tu.

Jihadhari zaidi na krimu zinazoahidi kumfanya mtu awe mweupe, hata zikiwa na picha ya kakao. Baadhi zina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya. Zebaki hudhuru figo na ubongo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka krimu hiyo naye huigusa. Ngozi ya mtoto wako haina kosa, usiibadilishe rangi.

Mahali ambapo hayasaidii

Akina mama wajawazito wengi hujipaka tumboni ili wasipate michirizi. Wataalamu walilipima jambo hili kwa wajawazito wa Lebanon na wa Jamaika. Waliopaka losheni au krimu ya kakao walipata michirizi sawa na wale waliopaka isiyo na kakao. Jipake ukipenda, ngozi italainika, lakini usiache kununua mayai na mboga kwa sababu ya mkebe huo.

Mtoto akiungua kwa uji au chai, usimpake mafuta ya kakao, wala dawa ya meno, wala unga. Mafuta hufungia joto ndani. Mmwagilie maji safi ya baridi, siyo barafu, mahali alipoungua kwa dakika 20. Sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya.

Kitovu cha mtoto mchanga nacho usikipake mafuta yoyote. Tumia tu dawa uliyopewa kliniki, kama ulivyoelekezwa.

Ukiona ngozi inatoa maji au usaha, mtoto ana homa, hataki kunyonya, au ukurutu unamnyima usingizi, usiendelee kupaka. Mpeleke akaonwe siku hiyo hiyo.

Kumbuka, mama: mafuta ya kakao hulinda ngozi nzima, hayatibu ngozi iliyo gonjwa. Mwambie na jirani yako ambaye hakutusikia leo.